Lengalenga ilibaki peke yake kwenye sahani: historia ya kijiko cha kwanza cha mtoto huku kwetu Kivu



Leo siandiki juu ya kutafuta kazi, hata kama najua wengi wetu ndiyo tunawaza hiyo asubuhi na jioni. Nitaandika juu ya kijiko. Kile kijiko cha kwanza ambacho mtoto anapewa akiisha kutimiza miezi sita, na majani mabichi ambayo bamama wetu wanayapika na kuyatia ndani. Mtasema hii ni mambo ya wanawake, agronome anaingia wapi? Ngojeni kidogo.

Mwaka uliopita nilikuwa jikoni kwa mama, Kabare. Dada yangu mdogo alikuwa amekuja na binti wake wa miezi minane. Mama alikuwa amechemsha lengalenga, akaitwanga, akaiongeza mafuta ya mawese na unga kidogo wa ndagala. Harufu ya jani la seleri ilijaa nyumba. Akachota kijiko. Dada akamshika mkono.

"Mama, hapana. Batoto ya siku hizi habapewake majani. Itamuuma tumbo. Tunatumia unga ya dukani tu."

Mama akacheka kwa hasira. "Na wewe nilikukomalisha na nini? Na unga ya dukani?"

Wakanigeukia wote wawili. "Enjenia, sema basi."

Wakati ule nilikuwa naajiriwa kwa muda na projeti moja ya bustani za nyumbani. Tulikuwa na neno letu tulilolirudilia katika kila mkutano, nikalitoa hapo bila kufikiri: "Majani ni nyama ya maskini. Mama iko na haki." Mama alifurahi sana. Dada akanyamaza.

Majuma mawili kisha hapo, katika kijiji kimoja tulichokuwa tunafuata, mama mmoja aliniletea mtoto wake wa mwaka moja na miezi michache. Miguu imevimba. Ukibonyeza na kidole, shimo linabaki. Nywele zimekuwa nyekundu-nyekundu na laini. Akaniambia kwa heshima kabisa: "Enjenia, nilifanya vile mulitufundishaka. Kila siku majani, asubuhi na magaribi."

Sikuwa na jibu. Tulitafuta pikipiki, tukamfikisha hospitali. Lakini ile sentensi ya mama ilibaki ndani yangu, na ndiyo ilinipeleka kusoma. Nilitaka kujua: hii hadithi ya majani kwenye chakula cha mtoto ilianzia wapi? Nani alikuwa na haki, mama yangu, dada yangu, ao projeti?

1. Bustani ya "asili" ambayo nusu yake ilivuka bahari

Tunapenda kusema chakula cha mababu. Ni vizuri, lakini tuangalie shamba kwa macho ya agronome. Mihogo ilitoka Amerika ya Kusini; Wareno waliileta pwani ya Afrika ya Kati katika karne ya 16, ikapanda polepole kufuata Mto Kongo na njia za biashara. Mahindi, viazi vitamu na hata maharage yetu tunayoyajua leo, asili yake ni Amerika. Lengalenga nyingi tunazopanda, jamaa yake ni ya huko pia. Ndizi ilitoka Asia. Zile zilizo za Afrika kabisa ni mtama, ulezi, kunde na mchikichi unaotupa mawese.

Kwa hiyo mababu hawakuwa watu wa kukaa tu na kile walichokirithi. Walipokea mimea ya kigeni, na tena wakaifanyia kitu kikubwa: wakageuza majani yake kuwa mboga ya kila siku. Majani ya mihogo yakawa sombe, majani ya viazi vitamu yakawa matembele. Na sombe si jani la kuchezea. Ndani yake muna sumu ya sayanidi, na katika majani mabichi iko nyingi kuliko katika mizizi ya aina nyingi. Kutwanga kunavunja chembe za jani na kuachilia ile sumu. Kuchemsha muda mrefu bila kifuniko kunaiondoa hewani. Hakuna maabara iliyowafundisha bibi zetu hiyo kazi. Waliifikia wenyewe kwa kuangalia na kujaribu.

Bibi yangu, mzaa mama, alizaliwa kabla ya uhuru. Nilipomuuliza watoto walianza na nini, hakusema majani. Alisema: uji wa mtama ao wa ulezi. Maziwa, kama ng'ombe iko nyumbani ao kwa jirani. Maharage yaliyosagwa na kutolewa maganda. Majani ya maharage ao ya maboga, machanga, yaliyopikwa yakalainika. Na mawese ikipatikana, iliyotoka upande wa chini kwenye joto. Kisha akaongeza: "Na ziwa ya mama. Ile haikukatikaka mbio."

Angalieni hiyo orodha vizuri. Majani yamo, lakini yako ya ine. Hayakuwa peke yake. Shikeni hilo, juu ndilo litafungua mambo yote yanayofuata.

2. Unga unaingia, na ziwa linahesabiwa

Mwaka 1867, katika mji wa Vevey, Uswisi, Henri Nestlé alianza kuuza unga wa maziwa na ngano kwa ajili ya watoto wachanga. Miaka hiyohiyo Justus von Liebig, mwanakemia Mjerumani, yule ambaye sisi watu wa udongo tunamjua kwa mbolea, alitengeneza chakula chake cha watoto. Tangu hapo wazo lilizaliwa kwamba chakula cha mtoto ni kitu cha kupimwa, cha kusagwa, cha kufungwa ndani ya kopo. Jani bichi halina nafasi katika kopo. Linanyauka, halina bei moja, kila mama analipika namna yake.

Wazo hilo lilifika Kongo pamoja na ukoloni. Mwaka 1912 Wabelgiji walianzisha Ligue pour la protection de l'enfance noire, na kisha zikaenea zile kazi zilizoitwa Goutte de lait na makonsultasyo ya watoto: mama anakuja, mtoto anapimwa uzito, mama anapewa mashauri na wakati mwingine chakula. Kuna mema mengi yalitoka humo. Hata leo tunapima watoto kwa namna hiyo. Lakini kulikuwa na hesabu nyingine nyuma yake. Wakoloni walikuwa na hofu ya upungufu wa watu, ni kusema upungufu wa wafanyakazi. Waliona mama wa Kikongo ananyonyesha miaka miwili, mitatu, na katika muda huo mume na mke hawalali pamoja. Kwao hiyo ilikuwa sababu ya kuzaa kidogo. Basi wengi wao wakataka mtoto aache ziwa mapema zaidi. Kule Katanga, Union Minière ilipoanza katika miaka ya 1920 kuwakalisha wafanyakazi na familia zao kambini, chakula cha mtoto kikawa sehemu ya hesabu za kampuni, chini ya waganga kama Léopold Mottoulle. Mtoto wa leo ni mchimbaji wa kesho.

Huku nje ya kambi, shamba lenyewe lilibadilika. Sheria ya 1917 iliruhusu utawala kumlazimisha mwanakijiji kufanya kazi ya mazao yaliyochaguliwa na serikali, mpaka siku 60 kwa mwaka. Mwaka 1928 iliundwa Comité National du Kivu, na mashamba makubwa ya walowezi yakaenea juu ya milima yetu: kahawa, chai, kwinini. Mahali ng'ombe walikuwa wanalisha pakapungua. Na mihogo ikasukumwa sana kama akiba ya njaa, kwa sababu inavumilia udongo uliochoka na inangoja ardhini mpaka itakapohitajika.

Kwa macho ya agronomia mihogo ni shujaa. Kwa macho ya mtoto wa miezi minane ni jambo lingine: mzizi wa mihogo ni wanga karibu mtupu, protini ndani yake ni kidogo sana. Ulipoondoa mtama, ukapunguza maharage, ukasukuma ng'ombe mbali, ukaweka mihogo mahali pao, uji wa mtoto ulibaki na rangi nyeupe ileile. Kwa macho ni uji. Ndani mulikuwa mumepotea vitu.

3. Bwaki

Mwaka 1933 mganga mwanamke, Cicely Williams, aliandika juu ya ugonjwa aliouona Gold Coast, Ghana ya leo. Mwaka 1935 aliutaja kwa jina walilolitumia Waga wenyewe: kwashiorkor, ugonjwa unaompata mtoto aliyeondolewa kwenye ziwa wakati mdogo wake anazaliwa. Ona hekima ya hilo neno. Wazazi wa Accra walikuwa wameisha kujua sababu mbele ya waganga.

Na huku kwetu? Mwaka 1938 daktari Giovanni Trolli alitoa maelezo ya magonjwa mawili ya Kwango ambayo chanzo chake hakikujulikana. Moja ni konzo, ule unaopoozesha miguu, ambao baadaye ulionekana kuhusiana na mihogo michungu isiyolowekwa vya kutosha. Wa pili watu waliuita mbuaki. Kivu tunasemaka bwaki. Ni uleule: kuvimba, nywele nyekundu, ngozi inayobanduka, mtoto asiyetaka kucheka. Mwaka 1950 FAO na OMS waliwatuma Brock na Autret kuzunguka Afrika, Kongo ikiwemo, na ripoti yao ya 1952 ilisema huu ni ugonjwa wa kukosa protini, na unapatikana karibu popote watoto wanakulishwa mizizi na ndizi.

Lwiro, kilometa arobaini na kitu kutoka Bukavu, IRSAC ilikuwa imeanzishwa mwaka 1947. Wale waliosoma upande wetu mnaijua ile nyumba nzuri ya matofali. Huko na katika hospitali ya watoto, waganga wa CEMUBAC, kituo cha Chuo Kikuu cha Bruxelles, walifuata watoto wa bwaki katika miaka ya 1960 na 1970. Katika miaka hiyohiyo ya 1960 watu wa Bukavu wenyewe waliunda Comité Anti-Bwaki, wakaeneza soja. Ndiyo maana mpaka leo mama wa Kivu anajua maziwa ya soja na masoso, yaani mahindi, soja na sorgho katika unga moja. Ni ushindi wa kweli, na sisi wa agronomia tujivunie.

Lakini neno "protini" lilikuwa kubwa mno wakati ule, likafunika mengine yote. Mwaka 1974 Donald McLaren aliandika katika Lancet kwamba dunia ilikuwa imekosea: watoto wengi walikosa chakula chote kwa jumla, si protini tu. Hapo wataalamu wakaanza kutafuta neno lingine la kusema. Na ndipo majani yalirudi.

4. Majani yanarudi, mara hii peke yake

Katika miaka ya 1980 ilionekana kwamba vitamini A inaokoa maisha. Utafiti wa Alfred Sommer na wenzake huko Aceh, Indonesia, uliotangazwa mwaka 1986, ulionyesha kwamba watoto waliopewa vitamini A walikufa kidogo kuliko wale ambao hawakupewa. Na majani ya kijani kibichi yana karotini, ambayo mwili unaigeuza vitamini A. Hesabu ilionekana nyepesi: jani ni bure, jani liko nyuma ya nyumba, basi jani litaokoa mtoto. Bustani za nyumbani zikaenea. Kisha ikaja moringa, mti wa India, ukaitwa mti wa miujiza. Na ule msemo wetu, majani ni nyama ya maskini, ukapata miguu.

Mwaka 1995 de Pee na wenzake walichapisha katika Lancet kazi iliyoshtua watu. Walikuwa wamewapa wanawake wanaonyonyesha, Indonesia, majani mengi ya kijani. Hali yao ya vitamini A haikuongezeka kama ilivyotazamiwa. Ile karotini iko ndani ya jani kweli, lakini imefungiwa ndani ya chembe, na mwili hautoi yote. Mwaka 2001 wataalamu wa Marekani walibadilisha hesabu rasmi: badala ya mikrogramu 6 za karotini kwa kila 1 ya vitamini A, ikawa 12. Kalamu moja, na thamani ya bustani zetu zote ikakatwa nusu.

Je, majani ni uongo basi? Hapana. Utafiti mwingine kutoka Sumatra, wa 1998, ulionyesha kwamba watoto waliopewa chakula chenye karotini pamoja na mafuta, na dawa ya minyoo, vitamini A yao ilipanda. Karotini inayeyuka ndani ya mafuta. Bila mafuta inapita tu. Sasa mkumbuke kijiko cha mama yangu: lengalenga iliyotwangwa, na mawese. Na mawese nyekundu yenyewe imejaa karotini. Mama hajasoma Lancet hata siku moja.

Tufanye sasa hesabu ambayo sikuifanya siku ile nilipojibu jikoni. Mtoto wa miezi 6 mpaka 8 anayenyonya anahitaji karibu kilokalori 200 kwa siku kutoka kwa chakula kingine. Gramu 100 za lengalenga mbichi zinatoa karibu 23. Kumbe angekula karibu gramu 870 za majani, na tumbo lake linabeba kiasi cha kikombe kimoja kwa mara moja. Haiwezekani. Kijiko kidogo kimoja cha mawese, gramu 5, kinatoa karibu 45, sawasawa na majani karibu gramu 200. Tena chuma cha kwenye majani kinaingia mwilini kidogo tu, wakati akiba ya chuma ambayo mtoto alizaliwa nayo inaanza kuisha karibu na miezi sita. Samaki, yai, ini, ndivyo vinajaza lile shimo.

Jani ni zuri kwa kazi yake. Lakini siyo nyama, na haikuwa nyama siku moja. Tulimdanganya yule mama.

5. Na majani ya harufu?

Dada yangu aliogopa lengalenga, lakini kwenye uji wa nyumbani kwake Bukavu alikuwa anatia kipande cha kibe. "Mutoto anapenda, Yaya." Bila shaka anapenda. Kibe ni chumvi zaidi ya nusu. Julius Maggi alikitoa Uswisi mwaka 1908, baada ya kuanza na supu za unga wa kunde kwa wafanyakazi wa viwanda. Kwa mtu mzima tuzungumze siku ingine. Kwa mtoto asiyetimiza mwaka moja, figo bado changa, hahitaji chumvi ya kuongezwa hata kidogo.

Hapa ndipo seleri, persili, kitunguu cha majani na lile basiliki kubwa ambalo wenzetu wa Kinshasa wanaliita lumbalumba vina nafasi yao. Seleri na puaro vilizoea milima yetu tangu wakati wa bustani za walowezi; leo bamama wa Kabare ndio wanavibeba kichwani mpaka Kadutu. Haviongezi nguvu nyingi, kiasi chake ni kidogo mno. Vinaongeza ladha bila chumvi. Na ladha ni shule. Mwaka 2001 Julie Mennella na wenzake, Philadelphia, walionyesha kwamba watoto ambao mama zao walikunywa maji ya karoti wakati wa mimba ao wa kunyonyesha, walipokea uji wa karoti vizuri zaidi. Ladha inapita kwenye maji ya tumbo la uzazi na kwenye maziwa. Ni kusema mtoto wa Kivu, mama yake akikula sombe na lengalenga, ameisha kuonja kwetu mbele ya kijiko cha kwanza. Anapokunja uso, haina maana amekataa. Anajifunza. Mpe tena kesho, na kesho kutwa.

Lakini tusifanye miujiza ya haya nayo. Kikonyo cha seleri kina nyuzi zinazoweza kumkaba mtoto. Tumia jani, likatwe ndogo kabisa, lipikwe, lisagwe. Majani ya dawa ambayo watu wazima wanakunywa kwa kikohozi ao tumbo, kipimo chake siyo cha mtoto mchanga.

6. Mambo mane ambayo historia inatuachia

La kwanza ni wakati. Zamani waganga walisema chakula kinaanza kwenye miezi 4 mpaka 6. Mwaka 2001 Mkutano Mkuu wa OMS uliamua: ziwa peke yake mpaka miezi 6, kisha chakula pamoja na ziwa mpaka miaka miwili na zaidi. Bibi alikuwa ameisha kusema: ziwa haikukatikaka mbio.

La pili ni moto. Sombe lazima itwangwe na ichemshwe kabisa, na si jani la kuanza nalo. Lengalenga, matembele machanga na majani ya maboga ni rahisi zaidi. Yaoshwe kwa maji safi, hasa kama yametoka kwenye mabonde ya mji ambako maji machafu yanapita.

La tatu linatuhusu sisi wa mbolea. Majani yanakusanya nitrati, na zaidi kama tumemwaga azoti nyingi. Katika miaka ya 1960, Ujerumani, watoto wachanga waliugua, ngozi ikawa ya bluu, baada ya kupewa spinachi iliyopikwa na kuwekwa muda mrefu bila baridi: vijidudu vilikuwa vimegeuza nitrati kuwa nitriti, na nitriti inazuia damu kubeba hewa. Basi pika kidogo, mtoto akule, kilichobaki wakubwa wakimalize. Usiweke mpaka kesho.

La ine ndilo kubwa: jani lisiende peke yake. Liwe na wanga, maharage ao soja, mafuta, na kitu cha mnyama hata kidogo. Unga wa ndagala kijiko kimoja, ao sambaza iliyokaushwa vizuri na kusagwa. Hata hiyo sambaza haikuwa ya Ziwa Kivu. Iliingizwa mwisho wa miaka ya 1950 kutoka Tanganyika. Leo tunaiona ya kwetu kabisa.

7. Nani alikuwa na haki?

Dada alikuwa na haki kuuliza. Mama alikuwa na haki kwa kijiko chake, juu ndani yake mulikuwa vitu vine. Aliyekosa ni mimi, niliyeangalia kile kijiko nikaona majani tu.

Na nikifikiri zaidi, naona kosa langu lilikuwa limeanza zamani sana. Majani hayakuongezeka kwenye sahani ya mtoto wa Kivu. Ni vingine ndivyo viliondoka. Maziwa yalienda pamoja na malisho. Mtama ulienda wakati mihogo inakuja. Kisha tangu 1996 vita vikabeba ng'ombe, mbuzi, kuku, mpaka na sungura. Kilichobaki nyuma ya nyumba, ambacho hakuna askari anakibeba, ni lengalenga. Sisi tukafika na kalatasi zetu za mafunzo, tukakuta jani limebaki peke yake, tukalipa jina la nyama.

Yule mtoto wa miguu iliyovimba alikaa hospitali, akapewa yale maziwa ya matibabu, kisha ile pakiti ya karanga. Alirudi nyumbani akitembea. Nilienda kumsalimia mama yake. Nilimuomba msamaha, kwa Kiswahili na kwa Mashi, ili nisikose kueleweka. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Enjenia, majani nilikuwa nayo mbele mukuje. Nilifikiri mutatuletea kuku."

Wenzangu, hilo neno lina diploma kuliko ya kwangu. Kesho wengi wetu tutaajiriwa na projeti, tutapewa blokunoti na msemo wa kurudilia. Mbele ya kuufungua mdomo, tuangalie sahani nzima na tuulize ni nini kilikuwapo ambacho leo hakiko. Kama watu hawana samaki wala yai, tuseme wazi kwamba hawana, na tutumie elimu yetu kuvirudisha: kuku, sungura, kambare wa bwawa, soja kati ya mihogo, mchikichi kule unakoota. Kupanda lengalenga ni kazi ya juma tatu. Hiyo ingine ndiyo kazi ya enjenia.

Na wewe unayesoma, kama bibi yako bado yuko, muulize wiki hii: kijiko cha kwanza cha baba yako kilikuwa na nini? Usimkate maneno. Andika vyote, si majani tu.